Kukata, kupanga foleni au kugawa: ni sera ipi ya kasi inayofaa mtandao wa ofisi, gesti au ghorofa hapa Mombasa?

Nyaya za intaneti za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa mwaka 2009, EASSy ikaanza kazi mwaka uliofuata, na tangu hapo nyaya nyingine za baharini zimeongezeka. Hata hivyo, mkazi wa Kisauni au Nyali, ambaye kwa umbali yuko karibu na nyaya hizo kuliko mtu yeyote wa bara, bado hukatikiwa na simu ya video jioni wakati majirani wote wamefungua filamu. Sehemu nyembamba ya njia haiko chini ya bahari. Kwa kawaida iko kati ya ruta ya jengo lake na mnara au faiba ya mtoa huduma, na hapo ndipo sera ya kasi huamua ni paketi ipi (kipande kidogo cha data) ipite sasa, ipi isubiri na ipi itupwe.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayesimamia mtandao mdogo au wa wastani: wakala wa forodha mwenye ofisi kisiwani, mwenye gesti, mwenye nyumba anayewasambazia wapangaji intaneti, au fundi wanayemwita wote hao. Haujadili ununuzi wa kasi zaidi, ingawa wakati mwingine hilo ndilo jibu pekee la kweli, kwa kuwa laini ya megabiti 5 inayotumiwa na watu 40 haiwezi kuokolewa na sera yoyote.

Foleni iko wapi?

Swali hili hutangulia mengine yote, kwa sababu sera ya kasi hufanya kazi pale tu ambapo foleni inajengeka. Chukua ruta yenye mlango wa gigabiti 1 kuelekea modemu, na modemu yenye megabiti 20 kuelekea kwa mtoa huduma. Paketi zitarundikana ndani ya modemu, mahali ambapo wewe huna amri yoyote, na kanuni nzuri ulizoandika kwenye ruta hazitaguswa kamwe kwa kuwa ruta haioni msongamano. Dawa yake ni kuweka kikomo cha kasi kwenye ruta yako chini kidogo ya kasi halisi ya laini, kwa mfano megabiti 18 au 19 kwa laini ya 20, ili foleni ihame kutoka kwenye modemu na kuja mikononi mwako. Unapoteza megabiti moja au mbili na kupata mamlaka juu ya zilizobaki. Watu wengi huona hasara hiyo kuwa kubwa mno wakaikataa. Kwa maoni yangu, hakuna biashara nyingine katika usimamizi wa mtandao yenye faida kama hiyo.

Kukata ziada

Sera ya kukata huweka kiwango na kutupa kila kinachozidi. Hesabu yake hufanywa kwa ndoo ya tokeni: tokeni, yaani vibali vya kupita, hudondoka ndani ya ndoo kwa kasi uliyoiweka, kila paketi inayopita huchukua tokeni kulingana na ukubwa wake, na ndoo ikiwa tupu, paketi inayofika hutupwa papo hapo. Mipangilio muhimu ni miwili, yaani kasi ya kujaza na ukubwa wa ndoo, na wengi huishughulikia kasi peke yake huku ukubwa wa ndoo ukiachwa vile ruta ilivyotoka kiwandani.

Madhara ya uzembe huo yanaweza kupigiwa hesabu. Tuseme kikomo ni megabiti 5 kwa sekunde na ndoo inabeba baiti 125,000, sawa na megabiti 1. Seva ikituma kwa megabiti 50 kwa sekunde, ndoo hukauka baada ya takriban milisekunde 22, na kuanzia hapo paketi tisa kati ya kila kumi hutupwa hadi mtumaji apunguze mwendo. Ikiwa mtumaji yuko London, habari za upotevu zitachukua zaidi ya milisekunde 100 kwenda na kurudi, na muda wote huo paketi zinaendelea kumwagwa. Itifaki ya TCP, ambayo huhakikisha kwamba data imefika, hutafsiri upotevu mkubwa namna hii kuwa dalili ya msongamano mzito, kwa hiyo hushusha kasi chini sana, kisha huanza kupanda taratibu, kisha hugonga tena kikomo. Matokeo yake ni kwamba mteja aliyeuziwa megabiti 5 anaweza kupima na kuona 3, ilhali ruta inaonyesha kwamba sera iko sawasawa.

Ndiyo maana kanuni ya siku nyingi ya Cisco, kampuni ya vifaa vya mtandao, hupendekeza ndoo inayolingana na kasi ya sekunde moja na nusu. Kwa megabiti 5, hiyo ni baiti 937,500, na katika mfano uleule ndoo sasa hudumu takriban milisekunde 167, muda unaomtosha mtumaji wa mbali kupata habari na kujirekebisha. Utafiti wa wahandisi wa Google na wenzao uliowasilishwa katika mkutano wa wataalamu wa mitandao wa SIGCOMM mwaka 2016 ulionyesha ukubwa wa tatizo: mikondo (miunganisho ya data kati ya kompyuta mbili) iliyopitia sera ya kukata ilipoteza paketi, kwa wastani, mara sita zaidi ya ile ambayo haikukatwa.

Pamoja na hayo, kukata kuna sifa ambazo njia nyingine hazina. Hakuhitaji kumbukumbu ya kuhifadhia paketi, hakuongezi ucheleweshaji hata kidogo, hufanya kazi kwa data inayoingia na inayotoka, na hata swichi zisizo na nguvu kubwa hukumudu. Tena si lazima kukata kumaanishe kutupa. Hati za kiufundi za intaneti, RFC 2697 na RFC 2698 za mwaka 1999, zilieleza namna ya kuzipaka paketi rangi ya kijani, njano au nyekundu, ili ziada ipewe alama tu na kutupwa mbele ya safari ikiwa kweli kuna msongamano. Utaratibu huo una maana kwa mtoa huduma mwenye vifaa vingi anavyovitawala. Kwa gesti yenye ruta moja hauna kazi.

Kupanga foleni

Hapa ndoo ni ileile, ila paketi inayokosa tokeni haitupwi, bali husubiri kwenye bafa (kumbukumbu ya muda) hadi tokeni ipatikane. Mtiririko hutoka ukiwa laini, mtumaji huhisi ucheleweshaji unaoongezeka badala ya kupigwa na upotevu wa ghafla, na kasi inayopatikana hukaribia kiwango kilichowekwa. Kwa anayepakua faili au kutazama filamu, njia hii hushinda kukata bila ubishi.

Kwa anayezungumza, jibu hutegemea urefu wa foleni. Bafa ya kilobaiti 256 inayotoa kwa megabiti 5 kwa sekunde huchukua zaidi ya sekunde 0.4 kumwagika, na paketi ya sauti iliyofika mwisho italazimika kusubiri muda huo wote nyuma ya picha zinazopakiwa. Pendekezo la G.114 la ITU-T, kitengo cha viwango cha Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, linataka ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yabaki ya kawaida. Foleni moja iliyoachwa ndefu imekwisha kuvuka kiwango hicho karibu mara tatu kabla paketi haijatoka jengoni. Ukipunguza bafa hadi baiti 62,500, usubiri wa juu kabisa huwa milisekunde 100, lakini kadiri unavyoipunguza ndivyo sera inavyorudi polepole kuwa ya kukata.

Kuna mpaka mwingine. Foleni hupangwa kwa data inayotoka kwenye mlango, si inayoingia. Data inayotoka intaneti kuja kwako hupangwa kwenye mlango wa ndani, unaoelekea kwa watumiaji, wakati ambapo paketi zimekwisha kupita kwenye laini nyembamba. Hili hufaulu kwa sababu mtumaji wa TCP hujifunza kupunguza mwendo. Kwa mafuriko ya UDP (itifaki isiyosubiri uthibitisho wa mpokeaji) yasiyojali majibu, ruta yako haina la kufanya, na ni mtoa huduma peke yake anayeweza kuyazuia upande wake.

Ukweli ni kwamba sera hizi mbili mara nyingi hukutana kwenye laini moja. Mtoa huduma wako huenda anakata kwa megabiti 20. Ukipanga foleni yako kwa 19, hugongani na kisu chake hata mara moja, upotevu unatoweka, na wewe ndiye unayeamua nani asubiri. Kwa hiyo kuuliza ipi ni bora kuliko nyingine bila kutaja upande wa laini aliposimama muulizaji ni kuuliza nusu ya swali. Anayeuza kasi ana sababu ya kukata. Anayenunua ana kila sababu ya kupanga foleni.

Kikomo cha kudumu kwa kila mtu, au mgawo wa kuazimana

Hili ndilo jambo linalozua ugomvi mwingi zaidi majumbani. Chukua ghorofa ya Bamburi yenye nyumba 12 na laini ya megabiti 60. Mpango rahisi ni kumpa kila mpangaji megabiti 5 zisizozidi. Hesabu inakubali, hakuna anayempunja mwenzake, na maelezo yanatosha kwenye mstari mmoja wa mkataba. Lakini saa nne asubuhi, wapangaji tisa wakiwa kazini, watatu waliobaki hutumia jumla ya megabiti 15 tu huku 45 zikilala bure, na mmoja wao pengine anahangaika kupakua sasisho la kompyuta kwa saa nzima.

Mpango wa pili humpa kila mpangaji dhamana na dari. Dhamana ni kiasi ambacho hatanyimwa hata jengo zima likiwa macho, na dari ni kiasi anachoruhusiwa kufika ikiwa wengine hawatumii. Kwenye ruta za MikroTik, ambazo mafundi wengi wanazifahamu, mipangilio hiyo huitwa limit-at na max-limit. Kwenye Linux hufanywa na mbinu ya foleni iitwayo HTB. Sharti lake ni kwamba jumla ya dhamana zote isizidi kikomo cha foleni mama, ile inayowabeba wote. Ukiwapa wapangaji 12 dhamana ya megabiti 10 kila mmoja juu ya laini ya 60, umeandika ahadi zisizotimizika, na ruta itazigawa kwa namna ambayo hukuitarajia.

Dari iwe kiasi gani? Kitaalamu, ingeweza kuwa megabiti zote 60. Mimi siipendekezi hivyo panapokuwa na malipo. Mtu aliyezoea megabiti 50 asubuhi atakapopata 5 usiku hatasema kwamba asubuhi alipewa zawadi. Atasema amepunguziwa, na mwenye nyumba atatumia jioni zake kujieleza. Dari ya mara mbili au tatu ya dhamana huwapa watu nafuu ya kweli bila kuwafundisha matarajio ambayo jengo haliwezi kuyalipa. Katika ofisi, ambako hakuna anayelipia sehemu yake, hoja hii haina uzito na dari inaweza kuachwa wazi.

Bando la ujazo, yaani kumpa kila mtu gigabaiti kadhaa kwa mwezi, halipaswi kuhesabiwa miongoni mwa sera za kasi. Hudhibiti gharama pale ambapo mtoa huduma anatoza kwa ujazo. Msongamano haliugusi, kwa kuwa wote wenye salio bado huingia mtandaoni saa ileile.

Foleni zinazojisimamia

Tatizo la bafa ndefu lilipata jibu zuri mwaka 2012, pale Kathleen Nichols na Van Jacobson walipotangaza CoDel. Badala ya kupima urefu wa foleni, mbinu hii hupima muda ambao kila paketi imesubiri. Usubiri ukizidi milisekunde 5 mfululizo kwa kipindi cha milisekunde 100, paketi moja moja huanza kutupwa ili kumwashiria mtumaji. Toleo lake linalotenganisha mikondo, fq_codel, liliandikwa rasmi katika RFC 8290 mwaka 2018, na mwaka huohuo CAKE, mbinu nyingine ya aina hiyo, ikaingia katika Linux 4.19. Hivi leo zote mbili zinapatikana katika OpenWrt, mfumo huria wa ruta, na katika RouterOS ya MikroTik toleo la 7, kwa hiyo si anasa ya mashirika makubwa tena.

Tofauti kati yake ni muhimu kwa anayechagua. fq_codel hugawa kwa haki baina ya mikondo. Mfanyakazi aliyefungua ukurasa mmoja ana mkondo mmoja au michache. Mwenzake anayepakua kwa torrent ana mikondo hamsini, na haki ya aina hiyo humpa huyo wa pili sehemu kubwa ya laini. CAKE inaweza kugawa kwanza baina ya vifaa, kisha baina ya mikondo ya kila kifaa, na mwenye mikondo hamsini hubaki na sehemu ya mtu mmoja. Ikiwekwa kwenye mlango wa nje, ni lazima ielekezwe kutazama ndani ya NAT (utaratibu wa vifaa vyote kutumia anwani moja ya nje), la sivyo huona ofisi nzima kuwa anwani moja na mgawo baina ya vifaa hupotea bila onyo lolote.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba haikulazimishi kujua paketi ni ya nini. Sera za zamani zilitegemea kutambua trafiki: sauti ipewe kipaumbele, video ipunguzwe. Kazi hiyo imekuwa ngumu kwa sababu karibu kila kitu sasa kimefichwa kwa usimbaji, na itifaki ya QUIC, iliyorasimishwa katika RFC 9000 mwaka 2021, hupitisha kurasa na video kwa UDP kwenye mlango 443. Fundi anayebana UDP yote akidhani anabana torrent huwabana pia wanaotazama masomo ya YouTube. Alama za kipaumbele za DSCP zinazoandikwa kwenye paketi, kama vile 46 ya sauti, bado zina thamani ndani ya jengo lako, lakini nje ya hapo watoa huduma wengi huzifuta.

Laini isiyotulia

Kila nilichosema kuhusu kuweka kikomo chini ya kasi ya laini kinadhania kwamba kasi hiyo inajulikana na haibadiliki. Faiba hutimiza sharti hilo. Mtandao wa 4G hautimizi: megabiti 30 alfajiri zinaweza kuwa 6 jioni, na kikomo cha 28 kilichowekwa alfajiri hakizuii chochote jioni, kwa hiyo foleni hurudi kwenye mnara na simu huanza kukatika upya. Viungo vya redio vinavyovuka maji, kwa mfano kutoka Likoni kuja kisiwani, vina ugeni wao: antena hupokea pia mawimbi yaliyoakisiwa na uso wa bahari, na maji yanapojaa na kupwa uakisi huo hubadilika, na kasi pamoja nao. Anayepima kiungo cha namna hiyo apime maji yakiwa yamejaa, apime tena yakiwa yamekupwa, na aandike tarakimu iliyo ndogo.

Kwa laini kama hizi una njia mbili. Unaweza kuweka kikomo kwenye kiwango cha chini unachokiona mara kwa mara na kukubali kupoteza ziada ya saa za utulivu, au kutumia programu ya OpenWrt inayopima ucheleweshaji muda wote na kupandisha au kushusha kikomo cha CAKE yenyewe. Ofisi zenye faiba na 4G ya akiba ziandike sera mbili tofauti. Kuiacha sera ya faiba ifanye kazi juu ya 4G siku faiba imekatika ni sawa na kutokuwa na sera.

Basi nani achague nini?

Ofisi ya wakala wa forodha yenye watu wachache, ambako fomu za iCMS, mfumo wa forodha wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), ni nyepesi lakini kazi husimama mtu mmoja anapopakia nyaraka zilizoskaniwa, inatosheka na CAKE peke yake kwenye pande zote mbili, na uangalifu wa kwanza uwe kwenye upande wa kupakia, ambao mara nyingi ndio mwembamba. Vikomo vya mtu mmoja mmoja hapo ni kazi bure.

Gesti inahitaji CAKE pamoja na dari kwa kila chumba, kwa sababu mgeni mmoja mwenye vifaa vinne huhesabiwa na CAKE kuwa wageni wanne. Mtandao wa mapokezi na wa malipo utengwe na upewe dhamana yake, hata kama ni megabiti 2 tu.

Ghorofa ya wapangaji wanaolipa inafaa mpango wa dhamana na dari ya wastani, huku fq_codel ikiwekwa ndani ya kila foleni ili mpangaji anayepakia picha asiikatize mwenyewe simu yake. Anayeuza intaneti kwa umma, ambaye kwanza anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, anaweza kukata kwenye mpaka wa mteja, kwa kuwa kukata ni kwepesi kwa vifaa na ni wazi kimkataba, lakini asiache ndoo ndogo. Vifaa vyake vikimudu, kupanga foleni kwa data inayoelekea kwa mteja kutapunguza simu za malalamiko kuliko kuongeza megabiti.

Mitego miwili

Kwenye MikroTik, kipengele cha fasttrack huharakisha paketi kwa kuzipitisha pembeni ya foleni za kawaida. Kikiwa kimewashwa, foleni zako zinaweza kuandikwa kwa ufasaha na zisiguse karibu chochote. Uharakishaji wa vifaa kwenye OpenWrt una tabia hiyohiyo. Ukivizima, prosesa ya ruta hubeba mzigo wote, na ruta ya bei nafuu iliyopitisha megabiti 300 kwa wepesi inaweza kushindwa hata na 100 ikiwa CAKE inafanya kazi. Kwa hiyo uwezo wa prosesa uangaliwe kabla ya kununua laini kubwa.

Upimaji usifanywe kwa tovuti ya kasi pekee, kwani tovuti nyingi za namna hiyo hukuonyesha megabiti na kukuficha usubiri. Anzisha ping (jaribio linalopima muda wa paketi kwenda na kurudi) kuelekea anwani ya nje laini ikiwa tupu, andika milisekunde, kisha pakia faili kubwa kwa dakika moja huku ping ikiendelea, na urudie kwa kupakua. Tarakimu ikipanda kutoka 20 hadi 400, foleni bado iko nje ya ruta yako: kagua fasttrack, kisha shusha kikomo kwa asilimia 5 na upime tena, mpaka ping iliyo chini ya mzigo isizidi ile ya laini tupu kwa zaidi ya milisekunde 20 au 30.